Siku ya chanjo ya mbwa mwaloni na kijijini: mwongozo kamili kwa wanaojitolea

Meza imewekwa chini ya mwembe, mtaalamu kafika na chanjo yake ya kichaa cha mbwa, wanaojitolea wamevaa fulana zao. Inagonga saa sita mchana, wamekuja mbwa 11. Kesho yake unapita mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, unakuta mbwa wamejaa kwenye vichanja vya dagaa.

Lawama huangukia wananchi: "hawana mwamko." Mara nyingi si hivyo. Mwenye mbwa alikuwa amelala baada ya kuvua usiku kucha, au mbwa wake hajawahi kufungwa kamba tangu azaliwe, au alisikia tangazo akadhani mbwa wanakusanywa wakauawe. Haya yote hutatuliwa kabla ya siku yenyewe. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu haimgusi mbwa hata mmoja.

## Kazi yako na isiyo yako

Kuchoma sindano si kazi ya anayejitolea. Kwa Sheria ya Veterinari ya Tanzania ya mwaka 2003, huduma hiyo ni ya wataalamu wanaotambuliwa na Baraza la Veterinari. Ukichoma wewe, hata kama mkono wako ni mwepesi, mbwa akifa hakuna wa kukutetea, na kadi uliyoiandika haina uzito.

Yako ni haya: kuhesabu, kutangaza, kupanga foleni, kushika, kuandika, kuweka alama, kulinda baridi ya chanjo. Mtaalamu mmoja mwenye wasaidizi 5 wanaojua wanachofanya humaliza kijiji. Akiwa peke yake, muda wake unaishia kufukuzana na mbwa.

## Vifaa

Hesabu hizi ni za kijiji chenye mbwa kama 190. Ongeza au punguza kwa uwiano.

- Chanjo dozi 220, yaani vichupa 22 vya dozi 10. Huletwa na mtaalamu. Usinunue mwenyewe dukani, maana hujui chupa ile ilikaa wapi umeme ulipokatika.
- Mabomba ya sindano ya ml 2 na sindano zake, 240. Kila mbwa na yake.
- Maboksi 3 ya kutupia sindano. Boksi la lita 5 huchukua takriban sindano 100, nalo halijazwi zaidi ya robo tatu.
- Kasha la baridi lenye mfuniko unaobana, pakiti za barafu, na kipimajoto cha kukaa ndani yake.
- Kamba 8 za manila nene kiasi cha kidole kidogo, kila moja mita 3. Kamba nyembamba humkata mbwa shingo na mshikaji kiganja.
- Vipande 10 vya bendeji au kitambaa imara, upana sm 5, urefu mita 1 na robo, vya kufungia mdomo.
- Matenga 2 yenye mifuniko kwa ajili ya paka.
- Rangi ya kuwekea mifugo alama, au utepe wa rangi moja wa kufunga shingoni.
- Kadi 220, madaftari 2, kalamu 6 (zinapotea).
- Ndoo ya lita 20 yenye koki, dumu la akiba, miche 3 ya sabuni, glovu.

Sabuni na ndoo vina sababu mbili. Ya kwanza ni jeraha la kung'atwa. Ya pili ni kwamba watu wa mwaloni wana mazoea ya kushuka kunawa ziwani, na kwenye maji ya kingo, hasa penye magugu, ndipo konokono wa kichocho wanapokaa. Nawa kwenye ndoo.

## Hatua ya 1: Ofisi kwanza (wiki 4 kabla)

Anza kwa afisa mifugo wa kata. Yeye ndiye anayejua kama halmashauri ina chanjo, lini inafika, na nani atachoma. Kisha mtendaji wa kijiji au mtaa, mwenyekiti, na wenyeviti wa vitongoji. Kwa mwaloni ongeza viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Bila wao wavuvi hawatasikiliza mtu aliyetoka mjini na fulana mpya.

Barua iwe ya ukurasa mmoja: tarehe unazopendekeza, vitongoji, idadi ya wanaojitolea, nani anatoa chanjo, nani anachoma, na kama huduma ni bure. Hilo la mwisho limalizwe hapo hapo. Ikibaki na utata, mtu fulani atachangisha shilingi chache "za usumbufu", habari itatangulia mbele yako, na mbwa watabaki nyumbani.

Utajua umefanikiwa ukiwa na barua yenye mhuri, na jina la mtaalamu mmoja aliyekubali tarehe kwa mdomo wake mwenyewe. "Tutakutumia mtu" si jibu.

## Hatua ya 2: Jikinge kabla hujamgusa mbwa

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo wote watakaoshika mbwa wapate kinga ya awali, yaani chanjo ya kabla ya kung'atwa. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2018 ni dozi 2: siku ya kwanza, kisha siku ya 7 baadaye. Anza wiki 3 au 4 kabla, kwa sababu kituo unachokwenda kinaweza kukosa chanjo na kukutuma kwingine.

Asiyepata kinga hiyo asishike mbwa. Aandike, apange foleni, agawe kadi. Kazi zipo.

Kabla ya siku yenyewe ulizia ni kituo gani cha afya au hospitali gani ina chanjo ya kichaa cha mbwa kwa binadamu wiki hiyo. Uliza hasa "ipo leo?", siyo "mnatoa?". Kwa visiwani, andika pia boti ya dharura itatoka wapi na nani ana mafuta.

## Hatua ya 3: Hesabu mbwa, nyumba kwa nyumba (wiki 2 hadi 3 kabla)

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Bila hesabu hujui uagize chanjo ngapi, na jioni ya siku ya chanjo hutajua kama 120 ni nyingi au kidogo.

Pita wawili wawili, mmoja awe mwenyeji wa kitongoji. Hapa mkoani Mwanza, bara ya Magu, Kwimba na Misungwi awepo anayesema Kisukuma; Ukerewe, Kikerewe au Kijita; upande wa Sengerema na Buchosa, Kizinza. Wazee wanaelewa Kiswahili, lakini suala la mbwa wa boma huelezwa kwa lugha ya boma.

Swali lina namna yake. Ukiuliza "Mna mbwa?", jibu rahisi ni "hatuna", hasa pale ambapo watu wanakumbuka mbwa kupigwa risasi. Uliza hivi:

"Hodi wenyewe! Shikamoo mama. Tunaandikisha mbwa kwa ajili ya sindano ya bure. Hapa kwenu usiku wanalala mbwa wangapi?"

Baada ya jibu ongeza swali la pili: "Na watoto wa mbwa je?" Watu hawawahesabu watoto wa mbwa mpaka waanze kubweka. Halafu la tatu: "Nani anaweza kumshika?" Andika jina la huyo. Wakati mwingine ni kijana wa darasa la sita, na baba mwenye nyumba hathubutu hata kumkaribia.

Mwaloni hesabu inabadilika sura. Mbwa hana nyumba, lakini ana mtu anayemlisha: mama anayeanika dagaa, mlinzi wa injini, mpika chakula wa kambi. Andika huyo kama mwenye mbwa. Mbwa mwingi anayeitwa "koko" hufuata sauti moja tu pale mwaloni, nawe unaitafuta hiyo sauti.

Mfano wa hesabu. Vitongoji vitatu vimetoa mbwa 186. Lengo ni kuchanja angalau asilimia 70, kiwango kinachotakiwa ili ugonjwa ukate mnyororo wake kati ya mbwa na mbwa. Hiyo ni mbwa 131. Usiagize dozi 131. Agiza kwa ajili ya wote 186, ongeza paka, watoto wa mbwa waliofichika na dozi zitakazomwagika, 220 inatosha.

## Hatua ya 4: Siku na mahali

Siku. Angalia mwezi kabla ya kuangalia kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika. Chagua siku zilizo karibu na mwezi mpevu, wanaume watakuwepo kambini, wameamka. Ukipanga katikati ya giza utawakuta wamelala saa nne asubuhi, na mbwa wamelala chini ya mitumbwi.

Epuka siku ya mnada na siku ya gulio. Msimu wa kulima, mvua zinapoanza, wenye mbwa wapo mashambani. Jumamosi inafaa kwa sababu watoto wapo nyumbani, na katika vijiji vingi watoto ndio wanaojua mbwa anaitwa nani.

Muda ni saa moja asubuhi hadi saa tano. Jua likikaza mbwa wanahema, wanagombana, na baridi ya chanjo inaisha. Kisiwani upepo wa mchana ni sababu nyingine: vuka alfajiri, rudi kabla ziwa halijachafuka. Kila mtu avae jaketi okozi, na kasha la chanjo lifungwe juu ya kiti cha mtumbwi, si chini kwenye maji ya ndani.

Mahali. Mtu hatamvuta mbwa asiyezoea kamba kilomita 3. Weka kituo kila kitongoji, hata kama ni kwa saa mbili kisha mnahama. Kituo kimoja kikubwa kwenye ofisi ya kata kinapendeza kwenye picha tu.

Penye kivuli, pawe na miti au nguzo imara za kufungia, njia ya kuingia na njia nyingine ya kutoka. Pasiwe jirani na bucha, jalala wala vichanja vya dagaa. Mbwa anayesikia harufu ya dagaa hana muda na wewe.

## Hatua ya 5: Tangazo lenye majibu

Tangazo lijibu maswali matano: lini, wapi, bei gani, aletwe mbwa wa aina gani, na kwa nini mletaji asiogope kumleta mbwa wake. Tangaza mara tatu: wiki moja kabla kupitia msikitini, kanisani na shuleni; jioni ya kuamkia siku yenyewe kwa kipaza sauti juu ya bodaboda; na alfajiri ya siku hiyo kwa njia ileile. Lile la alfajiri ndilo linaloleta watu.

Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Ndugu wananchi wa Mwabasabi, kesho Jumamosi, saa moja asubuhi hadi saa tano, chini ya mkuyu wa zahanati, mbwa na paka wote watachomwa sindano ya kichaa cha mbwa. Ni bure. Hakuna mbwa atakayeuawa wala kuchukuliwa. Leteni wakubwa, watoto, na majike wenye mimba. Mfunge mbwa kamba leo jioni, azoee."

(Jina la kijiji weka lako.)

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyosikika. Mbwa aliyefungwa kamba mara ya kwanza asubuhi ya chanjo hujirusha, hujikaba, humng'ata anayemvuta. Akilala nayo usiku mmoja, asubuhi hasira imepungua.

Watoto wa mbwa watajwe kwa jina. Wengi huamini hawachanjwi hadi wafike miezi 3. Kwenye kampeni ya kijiji wanachanjwa wote. Walio chini ya miezi 3 huandikwa pembeni ili warudiwe wakifikisha umri huo. Ukiwaacha, umeacha sehemu kubwa ya mbwa wa kijiji, na hao ndio watoto wa binadamu wanaowabeba mikononi.

## Hatua ya 6: Baridi ya chanjo

Chanjo ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kosa la kwanza ni joto, na kila mtu analijua. La pili, ambalo wengi hawalijui, ni kuigandisha. Chanjo hii ni ya virusi vilivyouawa. Ikiganda inaharibika, na kuiyeyusha hakurudishi kitu.

1. Toa pakiti za barafu kwenye friza na uziache mezani mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Zikiwa kavu kama jiwe, hugandisha kichupa kinachozigusa.
2. Panga pakiti chini na pembeni mwa kasha. Weka karatasi nene au kitambaa kikavu, kisha vichupa, kisha kipimajoto.
3. Kasha likae kivulini, mfuniko umefungwa. Toa kichupa kimoja kimoja, siyo vitano "tuharakishe".
4. Kila saa moja mwandishi asome kipimajoto na kuandika daftarini.

Huku kwetu barafu ya samaki ipo kila mahali na inashawishi. Usiimwage ndani ya kasha: inayeyuka, lebo zinabanduka, hujui tena namba ya toleo wala tarehe ya mwisho. Ukikosa pakiti, gandisha maji kwenye chupa za plastiki za nusu lita, zifunge vizuri, na zisubiriwe zianze kuyeyuka kama ilivyoelezwa.

Je, kipimajoto kikisoma 14? Usitupe chanjo, usinyamaze pia. Mwambie mtaalamu, aamue yeye. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa Nobivac Rabies iliyohifadhiwa kwenye nyuzi 25 kwa miezi 6, au nyuzi 30 kwa miezi 3, bado iliwapa mbwa kinga. Ni chanjo ile iliyopimwa, si kila chanjo, wala si ruhusa ya kuacha kasha juani. Lakini inaeleza kwa nini saa moja ya uzembe si lazima iwe mwisho wa kampeni.

## Hatua ya 7: Panga uwanja

Watu sita wanatosha kituo kimoja: mpanga foleni, mwandishi, washikaji wawili, mtaalamu, na mwenye alama na kadi.

Mpanga foleni akae mita 20 kabla ya meza. Mbwa na mbwa waachane hatua 4 au zaidi. Hakuna mstari ulionyooka. Kila mwenye mbwa asimame kwenye mti wake na aitwe kwa namba. Mbwa jike aliye kwenye joto apelekwe mbali upande upepo unakoelekea, ahudumiwe nyumbani kwao au wa mwisho, la sivyo uwanja mzima unageuka vita. Paka waingie kwenye matenga na wakae nyuma ya ukuta.

Mbwa anayetoa udenda mwingi, anayeyumba, aliyelegea taya, aliyebadilika tabia ghafla au anayeng'ata vitu ovyo haingii uwanjani. Watu wasogee, asipigwe, asifungwe na mtu asiye na kinga, na mtaalamu aitwe. Akifa, kichwa chake kina jibu: mtaalamu ndiye anayechukua sampuli na kuituma Wakala wa Maabara ya Veterinari, wenye maabara pia hapa Mwanza. Usimzike kimya kimya.

## Hatua ya 8: Kumshika mbwa

Hapa ndipo watu wanapong'atwa, kwa hiyo twende polepole.

Mwenye mbwa ndiye mshikaji wa kwanza. Wewe ni wa pili. Usimpokee mbwa kutoka mkononi mwake. Mbwa akiona mikono imebadilika, hofu yake inaanza upya.

1. Msogelee kwa ubavu, macho yako yakitazama chini au pembeni. Kumkazia macho mbwa ni kumtukana.
2. Soma mwili wake. Anayebweka na kurudi nyuma anaogopa, mpe nafasi. Aliyenyamaza ghafla, kakaza mwili, weupe wa jicho umeonekana: huyo ndiye anayeng'ata bila taarifa.
3. Mwenye mbwa apitishe kamba nyuma ya mti au nguzo, mzunguko mmoja, na kuivuta taratibu hadi kichwa kiwe karibu na mti. Asifunge fundo. Akiishika kwa mkono anaweza kuilegeza mara moja mbwa akikabwa.
4. Mfunge mdomo kama ana dalili za kung'ata. Tengeneza kitanzi kipana cha bendeji, kipitishe juu ya pua ukiwa pembeni, kaza juu, vuka chini ya taya, kaza tena, kisha peleka ncha nyuma ya masikio na ufunge fundo la kufunguka kwa kuvuta. Ukiishia kwenye pua bila kufika nyuma ya masikio, atalivua kwa kucha mara mbili tu.
5. Mshikaji wa pili abane kiuno na paja dhidi ya mguu wake, akisimama upande mmoja na mtaalamu. Mkiwa pande mbili tofauti, sindano inayomkosa mbwa inakupata wewe.
6. Mtaalamu achome chini ya ngozi ya shingo au kwenye msuli wa paja, ml 1, awe mbwa mkubwa au mdogo. Dozi haipungui kwa udogo wa mwili.
7. Fungua mdomo mara moja. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Dakika chache za mdomo kufungwa juani zinaweza kumwangusha.

Mambo yanayoharibika sana hapa:

*Kamba yenye kitanzi kinachojikaza.* Inafaa kumdhibiti, lakini haiachwi shingoni baada ya mwenye mbwa kuondoka. Weka fundo la kuzuia ili kitanzi kisibane kupita unene wa shingo.

*Nyavu.* Mwaloni lazima mtu atasema, "Kaka, tumtupie nyavu tu." Nyavu za makila (za kunasia samaki) zinamnasa miguu na meno, anazidi kupagawa, na wa kumnasua ndiye anayeng'atwa. Mbwa asiyeshikika mwachie mtaalamu mwenye fimbo ya kitanzi, au mrudie nyumbani jioni, abanwe kati ya mlango na ukuta, mlishaji wake akiwepo.

*Watoto.* Watakuja na mbwa, wengine wawili wawili mkononi. Usiwafukuze, mbwa wataondoka nao. Mtoto asimame mahali mbwa anamwona, amwite jina, lakini uso wake usiwe karibu na mdomo wa mbwa, na kamba ishikwe na mtu mzima. Mtoto akisema "huyu ananing'ata mimi pia", mwamini.

Mbwa mtulivu humaliza dakika 2. Mkorofi anaweza kula dakika 10. Baada ya hapo mwache, andika, endelea na foleni.

## Hatua ya 9: Alama, daftari, kadi

Alama iwekwe kabla mbwa hajageuka: mstari wa rangi mgongoni au utepe shingoni unaoachia vidole viwili. Chagua rangi moja kwa kijiji kizima.

Daftari liwe na safu hizi: namba, mwenye mbwa au mlishaji, kitongoji, jinsia, umri kwa makisio (chini ya miezi 3, chini ya mwaka, mkubwa), rangi ya mbwa, aliwahi kuchanjwa au la, namba ya toleo la chanjo. Bila namba ya toleo, tatizo la kichupa kibovu haliwezi kufuatiliwa.

Sindano haifunikwi tena baada ya kutumika. Inakwenda moja kwa moja kwenye boksi, na boksi linakwenda kituo cha afya chenye kichomea taka. Chooni hapana. Ziwani ndiyo kabisa hapana.

Mwenye mbwa asubiri dakika 20. Mbwa akivimba uso, akitapika au kuanguka, mwite mtaalamu mara moja. Dawa ya dharura anayo yeye. Ni nadra, ila huwezi kumwokoa mbwa ambaye keshafika nyumbani.

Wakati wa kutoa kadi sema neno hili kwa kila mtu: kinga huchukua wiki 3 hadi 4 kukomaa, na mbwa aliyekwisha kung'atwa na mwenye kichaa kabla ya leo anaweza bado kuugua. Ukinyamaza, mbwa mmoja aliyeugua wiki inayofuata atazaa habari kwamba "sindano ndiyo inawatia kichaa", na mwaka ujao utahubiri jangwani.

## Mtu aking'atwa

Kazi isimame kwa mtu huyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo.

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, ukitazama saa, siyo kwa makisio. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Usishone. Nenda kituoni siku hiyohiyo, hata kama mbwa alishachanjwa leo. Dozi ya leo haijamkinga bado. Aliyepata kinga ya awali bado anahitaji dozi 2, siku hiyo na siku ya 3 baadaye. Asiyeipata anaanza ratiba kamili, na jeraha kubwa au la usoni linaweza kuhitaji pia kinga ya kudungwa kwenye jeraha lenyewe.

Mbwa asiuawe. Akiwa mzima, afungwe na kuangaliwa siku 10. Akiwa hai na mwenye afya baada ya hapo, hakuwa akiambukiza siku aliyong'ata. Ila mtu asisubiri hizo siku 10 ndipo aanze chanjo.

## Hatua ya 10: Hesabu tena kesho yake

Rangi hufifia, kwa hiyo usichelewe. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi au jioni jua likipoa, watu wawili wapite kila kitongoji kwa saa moja, njia nzima kutoka mpaka hadi mpaka, wakihesabu mbwa wote wanaoonekana na wangapi wana alama.

Mfano: kitongoji cha kwanza wameonekana 54, wenye alama 39, asilimia 72. Kitongoji cha mwaloni wameonekana 31, wenye alama 14, asilimia 45. Ukijumlisha unapata 53 kati ya 85, asilimia 62, na mtu atasema "si haba". Ila ugonjwa hausomi wastani. Utakaa pale mwaloni penye 45, pale pale ambapo mbwa husafiri na mitumbwi kutoka kambi moja hadi nyingine.

Kumbuka pia kwamba watoto wa mbwa hawazururi, hawaingii kwenye hesabu hii, na ndio wanaokosa chanjo zaidi. Kiwango cha kweli kipo chini kidogo ya unachokiona.

Kitongoji kilicho chini ya 70 kirudiwe ndani ya wiki moja, safari hii bila meza. Mtaalamu, mshikaji mmoja na daftari la Hatua ya 3, nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa majina yasiyo na alama ya vema. Mwaloni nendeni dagaa wanapoanikwa, kwa kuwa mbwa, walishaji na vichanja vyote vinakuwa sehemu moja.

Nakala ya daftari iende kwa afisa mifugo wa kata, nyingine kwa mtendaji. Orodha ya watoto wa mbwa wa chini ya miezi 3 ibaki kwako, na tarehe ya kuwarudia iandikwe juu ya ukurasa huo kwa kalamu nyekundu.